Barabara Salama Huanza Kwenye Mpango

Maneno ya mazungumzo na watumiaji wa barabara za mitaa na vijiji



Tumealikwa kuzungumzia usalama barabarani, na tunafahamu kwamba wengi wenu mnangojea maneno mliyokwisha kuyasikia mara nyingi: dereva apunguze mwendo, mwendesha bodaboda avae kofia ngumu, mtembea kwa miguu atazame kulia, kushoto na kulia tena. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuyafuti. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linalotangulia hayo yote, yaani namna barabara ya mtaani kwenu inavyopangwa kabla greda halijafika, na nafasi mliyo nayo ninyi katika upangaji huo.

Tuanze kwa kuondoa dhana moja potofu. Wengi hudhani kwamba mtumiaji wa barabara ni mwenye gari, na kwamba asiye na gari hana la kudai. Sivyo. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Tanzania hubeba tozo ya Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mama apandaye daladala kwenda sokoni ameilipa tozo hiyo ndani ya nauli yake. Mzee anunuaye nyanya zilizoletwa kwa lori ameilipa ndani ya bei ya nyanya. Hata mwanafunzi atembeaye kwa miguu, daftari lake lilisafirishwa kwa gari. Basi sote ni wateja wa barabara, na mteja aliyekwisha kulipa ana haki ya kuuliza kama alichouziwa ni salama.

Swali hilo si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna sababu nyingine ya kifo inayoipita hiyo. Wanaokufa wengi, kwa hiyo, ni wale ambao mchoro wa barabara mara nyingi huwasahau.

Tuwasimulie kisa kimoja ambacho sisi wenyewe tulihusika nacho, na si kwa sifa.

Katika kata moja ya mjini, ambayo hatutaitaja, barabara ya changarawe iliwekwa lami. Wakazi walishangilia, nasi tulikuwa miongoni mwa walioshangilia, kwa kuwa malalamiko ya vumbi na ya daladala kukataa kufika huko yalikuwa yamejaza majalada yetu. Upande mmoja wa barabara hiyo ipo shule ya msingi. Upande wa pili ndiko waliko wanafunzi wengi. Zamani mashimo ndiyo yaliyowazuia madereva kukimbia. Yalikuwa kama askari wa usalama asiyelipwa mshahara. Lami ilipokuja, askari yule aliondoka na hakuna aliyewekwa mahali pake. Hapakuwa na kivuko, wala tuta, wala kibao cha shule, wala njia ya waenda kwa miguu. Mtaro ulikuwa wazi, na kwa hiyo watoto walitembea juu ya lami yenyewe. Kabla muhula wa kwanza haujaisha, mwanafunzi wa darasa la pili aligongwa na kuvunjika mguu. Aliishi, lakini hadi leo anachechemea.

Wazazi walitujia. Tukawasaidia kuandika barua nzuri, yenye saini nyingi, tukaipeleka. Tuliipeleka ofisi isiyohusika. Miezi kadhaa baadaye lilikuja jibu la mistari mitatu kwamba barabara hiyo haimo katika mtandao wa ofisi ile. Tulipoielekeza barua mahali pake, bajeti ya mwaka uliofuata ilikuwa imekwisha kufungwa. Watoto wakavuka hivyo hivyo mwaka mwingine mzima. Kosa hilo lilikuwa letu sisi tuliopaswa kujua, na ndilo lililotufanya tuandae mazungumzo haya.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu na barabara za mikoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara, yaani TANROADS. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Mtandao wake unazidi kilomita 140,000, na humo ndimo zilimo barabara nyingi mnazokanyaga kila asubuhi. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya halmashauri zenyewe, na ndiyo maana wananchi wengi bado huenda kwa mhandisi wa halmashauri wakakuta mlango si wenyewe. Msione haya kuuliza. Mwenyekiti wa mtaa akiwa hajui, mtendaji wa kata atajua, na swali hilo moja huokoa mwaka mzima.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba halmashauri imeachiwa mikono mitupu. Halmashauri ndiyo inayoamua soko lijengwe wapi, stendi ihamie wapi, shule mpya ipate kiwanja gani, wafanyabiashara wadogo wapangwe upande gani wa barabara. Kila uamuzi wa namna hiyo ni uamuzi wa usalama barabarani, ingawa haujaandikwa hivyo. Ukiweka soko ng'ambo ya barabara yenye magari mengi, umewaandikia maelfu ya watu kuvuka mara mbili kila siku. Ukiwaacha wauzaji wakae juu ya njia ya waenda kwa miguu kwa kukosa pa kuwapeleka, umewasukuma wateja wao barabarani. Kwa maoni yetu hapa ndipo upangaji wetu ulipo dhaifu kuliko mahali pengine popote: afisa mipango miji anachora viwanja, mhandisi anachora barabara, afisa elimu anaomba madarasa, na michoro hiyo mitatu haikutani mezani mpaka ajali itokee.

Jambo la pili ni wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini anayesubiri Juni kutoa ombi lake amechelewa sana. Vipaumbele hukusanywa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, vikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha vikafika halmashauri na baadaye Bungeni, ambako bajeti hujadiliwa kati ya Aprili na Juni. Kwa hiyo miezi yenu ni ile ya Oktoba, Novemba na Desemba. Sheria imeweka mkutano mkuu wa kijiji angalau kila miezi mitatu, na mkazi yeyote mtu mzima ni mjumbe wake. Tunajua mikutano hiyo mara nyingine haiitishwi, au huitishwa wakati watu wako shambani. Dai la kwanza la usalama barabarani, katika vijiji vingi, lingekuwa tu kwamba mkutano uitishwe na muhtasari uandikwe. Ombi lisilo katika muhtasari ni maneno ya barazani.

Jambo la tatu, nalo tutakaa kwalo kidogo, ni namna ya kuomba. Barua nyingi tunazoziona husema: "Tunaomba barabara yetu iangaliwe kwa kuwa ni hatari." Mhandisi akiisoma hana la kufanya nayo, maana kila barua iliyo mezani kwake husema vivyo hivyo. Lakini chukueni daftari. Kwa siku tano za shule, watu wawili wakae mahali panapovukwa, asubuhi na wakati wa kutoka, wahesabu wanaovuka: watoto wangapi, wakubwa wangapi, wenye baiskeli na mikokoteni wangapi. Waandike magari na pikipiki zipitazo. Mwalimu mkuu aandike tarehe za wanafunzi waliogongwa au kukoswakoswa. Zahanati iliyo karibu inaweza kuthibitisha idadi ya majeruhi bila kutaja majina yao. Hili lina maana zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu ajali nyingi ndogo haziandikishwi popote: bodaboda na mtembea kwa miguu huelewana papo hapo, majeruhi hupelekwa kwa mganga, fomu ya PF3 haichukuliwi, na katika hesabu za polisi mahali hapo huonekana pa amani kabisa. Mpangaji anayepanga kwa takwimu za polisi peke yake atapeleka fedha kwingine, na hatakuwa amefanya hila.

Kisha semeni mnachotaka kwa jina lake. Kivuko kilichoinuliwa, ambacho kinamlazimu dereva kupunguza mwendo pale pale watu wanapovuka, hufaa kuliko alama nyeupe zilizopakwa juu ya lami tambarare na kufutika baada ya mvua za masika. Mifuniko ya mtaro inaweza kugeuza mtaro kuwa njia ya miguu kwa gharama ndogo. Vigingi vya zege huzuia pikipiki na magari kupanda juu ya njia hiyo. Kituo cha daladala kikiwekwa mbele ya kivuko, abiria huvukia nyuma ya gari lililosimama, ambako dereva ajaye huwaona. Kikiwekwa kabla ya kivuko, huchomoza mbele ya gari na hakuna anayewaona. Haya si mambo ya fedha nyingi. Yakiwa kwenye mchoro tangu mwanzo huwa sehemu ndogo ya gharama; yakisahauliwa, kuyarudia ni kuvunja kilichojengwa.

Mwendo ndio kiini cha yote. Sheria yetu ya Usalama Barabarani inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tofauti ya kilomita 15, ambayo dereva huihesabu kuwa si kitu! Tamko la Stockholm la mwaka 2020 lilizitaka nchi ziweke kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Lakini kibao peke yake hakipunguzi mwendo wa mtu mwenye haraka. Umbo la barabara hupunguza.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya matuta ya usiku. Mtoto akigongwa, vijana hutoka kwa majembe na kujenga tuta la udongo na mawe kabla ya alfajiri. Tunaielewa hasira hiyo. Lakini tuta lisilo na alama wala kibao, lenye kimo cha goti, humwangusha mwendesha pikipiki ajaye gizani bila kulijua, na humtesa mjamzito anayekimbizwa hospitali. Tena humpa mwenye dhamana kisingizio cha kulibomoa na kunyamaza. Nguvu iliyotumika kwa jembe usiku mmoja ingetosha kujaza daftari tulilolitaja kwa wiki nzima.

Msidhani kwamba tunazungumza ndoto. Jijini Dar es Salaam, mpango wa SARSAI unaoendeshwa na shirika la Amend ulizichukua shule zilizo katika hatari zaidi, ukapima njia ambazo watoto huzipita hasa, kisha ukaweka njia za miguu, matuta, vigingi, vibao na malango mapya yaliyo mbali na barabara kuu. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji itolewayo na WRI Ross Center. Kinachotuvutia sisi si tuzo. Kinachotuvutia ni kwamba walianza kwa kuuliza ni shule zipi watoto wanaumia, badala ya kuanza kwa shule ambayo mkuu wake anafahamiana na mkubwa fulani. Halmashauri yoyote inaweza kuuliza swali hilo kwa maafisa elimu kata wake ndani ya mwezi mmoja.

Tungependa pia madiwani, mnapoletewa mpango wa barabara, muulize maswali ambayo hayaulizwi mara nyingi. Je, waliohesabiwa ni magari tu, au na watu? Je, ukaguzi wa usalama umefanywa kwenye mchoro, au utafanywa baada ya mkandarasi kuondoka? Wakati wa ujenzi, watoto watapita wapi? Fedha za alama, taa na vivuko zina fungu lake, au ndizo za kwanza kukatwa bajeti inapobana? Tumeona mara nyingi kwamba ndizo za kwanza.

Mtatuuliza kata ile iliishia wapi. Mwaka wa pili wazazi walikwenda na daftari, wakapeleka ombi kwenye mkutano wa mtaa mwezi wa Novemba, diwani akalibeba, na likaingia katika bajeti. Kivuko kilichoinuliwa kimejengwa, na mtaro umefunikwa kwa urefu wa uzio wa shule. Taa haijawekwa, na watoto wa darasa la saba hutoka kwenye masomo ya ziada jua likiwa limekwisha kuzama. Barua ya taa imeandikwa tayari, na safari hii tumehakikisha anwani yake.