Kumevunjika Nini?

Msikilizaji, pale Voi, barabara ya Mombasa inapoachana na ile ya kwenda Mwatate hadi Taveta, malori hayakosi kuharibika. Utingo hushuka akatandaza matawi ya miti nyuma ya gari kuwaonya wanaokuja, dereva naye akampigia simu mwenye mali: gari limenifia njiani. Kwa Kiingereza husemwa "break down", na hapo hakuna anayepotea.

Tatizo ni pale maneno hayo mawili yanapotoka barabarani. Kiingereza kinayatumia pia kwa mjane anayeangua kilio kaburini, kwa chakula kinachosagwa tumboni, kwa tembo aliyeangusha mlango wa ghala huko Sagalla, na kwa mazungumzo ya mgomo yasiyofika popote. Sisi wa vyumba vya habari hupokea taarifa kwa Kiingereza tukawasomea kwa Kiswahili, na huku ndiko ninakoumia. Nimesikia hewani kwamba mjane "alivunjika". Bibi anayesikiliza kule Wundanyi atauliza ni mguu au ni mkono! Mazungumzo huvunjika, hilo Kiswahili kimelikubali zamani. Mjane huangua kilio, au huishiwa nguvu akashikwa na shemeji zake. Na ukisema amevunjika moyo, umesema jambo jingine kabisa.

Walimu wangu wapendwa, msiwape watoto orodha ya kukariri, neno huku na maana moja kule. Mtoto wa Voi anajua kupiga simu, kupiga pasi, kupiga deki na kupiga kura, wala hakuna aliyemkaririsha. Anaangalia "piga" imeandamana na nini. Mwonyesheni kwamba Kiingereza nacho kina tabia hiyo: kwanza uliza ni nini kilichopatwa, ndipo utafute maana. Ni lori? Ni mtu? Ni hesabu?

Hesabu ndiyo inayonikosesha usingizi. Katika vikao vya bajeti ya kaunti utasikia kwamba "breakdown" imo kwenye kitabu. Mzee aliyekuja kwa miguu anajua breakdown ni lile gari la kuvuta magari yaliyokwama. Anatikisa kichwa, anatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, anarudi nyumbani. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kwa hiyo wewe wa Kaloleni, wewe wa Mbololo, wewe wa Kasigau, ukiingia kikao hicho omba mchanganuo: maji yametengewa shilingi ngapi, zahanati ngapi, barabara ngapi, kata yako ngapi. Omba usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla hujatia sahihi popote.