Uvumi wa Simu na Ushahidi: Funzo Kutoka Kenya

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usemi huo ulitimia kwa namna ya kutisha katika nchi jirani ya Kenya, matokeo ya uchaguzi wa Rais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Siku hiyo hiyo Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Simu za mkononi, hata hivyo, ziliendelea kufanya kazi, na palipokosekana habari pakaingia uvumi.

Ujumbe wa kuwachochea watu dhidi ya jirani zao wa kabila jingine ulipita kutoka simu hadi simu, bila jina la mwandishi. Aliyeambiwa kwamba jirani yake anakuja kumshambulia alishika panga. Naye jirani, alipoliona panga hilo, akashika lake. Uvumi uliokuwa uongo asubuhi ukawa kweli jioni. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika machafuko hayo. Mamia ya maelfu walikimbia makwao.

Lakini simu hizo hizo zilifanya na kazi nyingine. Mwezi Januari 2008, Wakenya wachache, miongoni mwao mwanasheria Ory Okolloh, walianzisha tovuti iliyoitwa Ushahidi. Raia aliyeona tukio alituma habari zake, nazo zikaonyeshwa kwenye ramani, mahali na siku, zikalinganishwa na habari nyingine kadiri ilivyowezekana. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika pia Haiti, baada ya tetemeko la ardhi, kuonyesha walipo wenye kuhitaji msaada.

Kilichotenganisha uvumi na ushahidi ni maswali: Nani ameona? Wapi? Lini? Nani mwingine anathibitisha?

Maswali hayo askari anayajua tangu mafunzo yake ya kwanza. Hakuna kamanda anayepeleka kikosi kwa neno la mpita njia. Siku hizi mpita njia huyo huingia katika simu ya askari kwa jina la rafiki au ndugu, akaaminiwa kabla hajaulizwa. Tena askari akiupeleka ujumbe huo kwa wengine, wananchi huusadiki kwa heshima ya sare yake. Mlinzi wa raia anayeeneza asilolithibitisha amemfanyia adui kazi yake.