Sifuri ya Mashine na Sifuri ya Kazi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya mashine za CNC, yaani mashine za kukereza na kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta. Sisi si walimu. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukaingia karakana ya reli, na mengine tumefundishwa na chuma chenyewe. Lakini jambo hili limekwisha kuleta hasara na ugomvi kati yetu, kwa hivyo ni afadhali mfanyakazi awaeleze wafanyakazi wenzake.

Neno lenyewe ni hili: mashine haijui kazi imefungwa wapi. Ni sisi tunaoiambia. Tukiiambia uwongo, itatii uwongo huo kwa nguvu zake zote.

Ndugu, watu wa reli wataelewa upesi. Tangu zamani maili za reli yetu zilihesabiwa kutoka Mombasa. Lakini mtu wa genge akiona reli imepasuka karibu na Voi, hasemi ni hatua ngapi kutoka Mombasa. Husema, "Hatua 200 kupita stesheni ya Voi." Aliye ofisini anajua umbali wa kutoka Mombasa mpaka Voi, anajumlisha, anapata mahali penyewe.

Mashine nayo ni vivyo hivyo. Ina Mombasa yake, ndiyo sifuri ya mashine, iliyowekwa na waliyoiunda. Hiyo haihami. Programu nayo imeandikwa kwa hesabu ya Voi, yaani kutoka kona ya chuma au katikati yake. Umbali wa kutoka Mombasa mpaka Voi ndio ofseti ya kazi, na kwenye kioo cha mashine huitwa G54. Za kawaida ni sita, kutoka G54 mpaka G59. Tukifunga majiliwa mawili juu ya meza, la kushoto laweza kuwa G54 na la kulia G55, na hesabu zile zile zikachonga vyuma viwili.

Kuipata si kazi ngumu, ila yataka uangalifu. Tukigusa ubavu wa kushoto wa chuma kwa kijiti cha kugusia chenye kipenyo cha milimita 10, tusiandike hapo kuwa ni sifuri. Mashine huhesabu kutoka katikati ya kijiti, na katikati iko milimita 5 kushoto mwa ubavu. Basi pale tulipogusa ni X toa 5. Mwenye kusahau nusu ya kijiti atatoboa matundu yote milimita 5 mbali na mahali pake, nayo yatakuwa yamepangika vizuri sana, lakini chuma ni cha kutupa.

Ofseti ya pili ni ya urefu wa kisu. Visu ni kama watu: mmoja mrefu, mmoja mfupi. Wote wakiambiwa wagusie meza, kila mmoja atainama kwa kadiri yake. Kwa hivyo kila kisu kina hesabu yake ya urefu, na programu huiita kwa G43 pamoja na herufi H. Kisu cha 3 kitumie H3. Kisu cha 3 kikipewa H2, ni kama kumvika mtu mfupi suruali ya mtu mrefu, na huyu hujikwaa akiwa mbio.

Shikeni tofauti hii. Ukibadilisha G54, visu vyote vinahama pamoja. Ukibadilisha ofseti ya kisu, kinahama kisu hicho peke yake. Tukikereza ekseli ya milimita 50 nasi tukapima 50.06, kwa sababu kisu kimelika, tunaandika toa 0.06 katika ofseti ya kulika ya kisu hicho, kama mashine yetu huhesabu kipenyo. Hatuigusi ofseti ya kazi. Anayeigusa anaponya kidole kimoja na kuumiza vingine.

Sasa tutasema jambo la aibu yetu wenyewe. Katika karakana moja tuliyofanya kazi, sisi wa zamu ya asubuhi tuliondoa vipande vya kuinulia kazi ndani ya jiliwa, tukafunga chuma kilicho chini kwa milimita 30 kuliko kile cha jana. Tukagusa upya, tukaweka Z mpya katika G54, tukachonga vyuma vitatu, tukaenda zetu. Hatukuandika, wala hatukumwambia mtu. Mwenzetu wa zamu ya mchana alirudisha vipande na kazi ya jana, akaamini G54 ni ile ile. Kisu kikaamriwa kishuke mbio mpaka milimita 5 juu ya chuma. Kwa hesabu ile, hapo palikuwa milimita 25 ndani ya chuma. Kisu kikavunjika, kipande kikapiga kioo cha mlango. Bahati njema mlango ulikuwa umefungwa.

Mwenzetu akaambiwa kisu kitakatwa katika mshahara wake. Siku mbili tulinyamaza. Siku ya tatu tulikwenda kwa mwakilishi wa chama tukasema ukweli. Chama kikauliza: kiko wapi kitabu cha ofseti cha kupokezana zamu? Hakikuwako. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kumkata mfanyakazi kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa kosa ni la kukusudia, na kwa kiasi cha haki. Huyu hakukusudia lolote. Mshahara wake haukukatwa.

Kwa hivyo, ndugu, tunaomba mambo manne.

Kwanza, kila mashine iwe na kitabu, na kila anayebadilisha ofseti aandike hesabu ya zamani, hesabu mpya, saa, na jina lake.

Pili, kabla ya kuanza kazi, tuamuru kisu kisimame milimita 100 juu ya chuma, kwa mwendo wa polepole, mkono ukiwa kwenye kitufe cha kusimamisha. Halafu tupime kwa rula. Rula haina ubishi.

Tatu, dakika za kukabidhiana zamu zihesabiwe kuwa ni saa za kazi. Kazi isiyolipwa hufanywa kwa haraka, na haraka ndiyo iliyovunja kisu kile.

Nne, vijana wafundishwe hesabu hizi, wasifundishwe kubonyeza kitufe cha kijani tu. Mwenye kujua kuweka sifuri ni fundi, naye ana haki ya kudai mshahara wa fundi.

Mwisho, anayekosa aseme mapema. Kimya chetu cha siku mbili kilikaribia kumnyima mwenzetu chakula cha watoto wake.