Amana ya Fedha za Shule na Wajibu wa Kuuliza



Mada tuliyopewa leo inahusu namna bodi ya shule za umma inavyopanga mipango yake na kufanya manunuzi. Huenda baadhi yetu wakaona kwamba hilo ni jambo la maofisini lisilo na nafasi katika mkusanyiko kama huu. Lakini wengi tulioketi hapa ni wajumbe wa kamati za shule wanakosoma watoto wetu, na wengine tunashika hesabu za misikiti yetu. Fedha tunazoziwekea sahihi si zetu. Ni amana, na aliyeshika amana ataulizwa. Tumeona heri kutoa mfano wa jiji la Chicago, huko Marekani, kwa kuwa mambo yake yalifika mahakamani na kuwekwa wazi mbele ya watu wote.

Kwanza tueleze utaratibu ulivyo. Nchini Marekani serikali kuu haiendeshi shule za umma. Kila eneo lina wilaya yake ya elimu, yenye bodi, bajeti na mtendaji mkuu wake. Wilaya ya Chicago mwaka 2013 ilikuwa na wanafunzi wapatao 400,000. Mwaka wake wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla bodi haijaipitisha bajeti, wananchi huitwa kuisikiliza na kutoa maoni yao. Sheria ya jimbo la Illinois inataka ajenda ya mkutano wa bodi itangazwe angalau saa 48 kabla, na mkutano wenyewe uwe wa wazi.

Manunuzi nayo yana hatua zake. Kwanza huelezwa haja iliyopo. Kisha huandikwa sifa za kitu kinachotakiwa, zabuni hutangazwa, wazabuni huleta bei zao katika bahasha zilizofungwa, bahasha hufunguliwa mbele ya mashahidi, na mwishowe mapendekezo hupelekwa mbele ya bodi ili yapigiwe kura. Upo pia mlango wa pembeni. Ikidaiwa kwamba ni kampuni moja tu iwezayo kazi fulani, mkataba huweza kutolewa bila kushindanishwa. Mlango huo una sababu zake za haki, lakini ndio unaohitaji mlinzi aliye macho kuliko milango mingine yote.

Sasa tutazame yaliyotokea. Mwezi Mei 2013 bodi ya Chicago, ambayo wakati huo wajumbe wake wote waliteuliwa na meya, iliamua kufunga shule zipatazo 50 kwa mara moja. Wananchi waliambiwa kwamba shule hizo zina watoto wachache na kwamba bajeti ina upungufu mkubwa. Wazazi walilia, walimu waliandamana, na watoto wadogo wakalazimika kuvuka mitaa wasiyoizoea ili kwenda katika shule mpya.

Mwezi uliofuata, Juni 2013, bodi hiyohiyo iliidhinisha mkataba wa dola milioni 20.5 wa kuwafundisha wakuu wa shule kazi ya uongozi. Mkataba huo ulipewa kampuni iitwayo SUPES Academy, bila zabuni ya ushindani. Mtendaji mkuu wa wilaya, Barbara Byrd-Bennett, aliwahi kuifanyia kazi kampuni hiyo kama mshauri kabla ya kushika wadhifa wake. Jambo hilo halikuwa siri iliyofichwa chini ya ardhi. Pamoja na hayo, hakuna mjumbe hata mmoja aliyepiga kura ya kupinga.

Aliyeuliza alitoka nje ya bodi. Mwezi Julai 2013 jarida dogo la mambo ya elimu, Catalyst Chicago, liliandika kuhusu mkataba huo na uhusiano uliokuwapo. Mkaguzi wa ndani akaanza uchunguzi, na baadaye serikali kuu ikaingia. Mwezi Juni 2015 mtendaji mkuu alijiuzulu, na mwezi Oktoba 2015 alikiri kosa mahakamani. Ilibainika kwamba alikuwa ameahidiwa asilimia 10 ya thamani ya mikataba, alipwe atakapoacha kazi. Katika barua pepe yake moja iliyosomwa na waendesha mashtaka, alikuwa ameandika kwamba ana karo za kulipa na nyumba za kamari za kutembelea. Mwezi Aprili 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka 4 na nusu. Wenye kampuni wawili nao walifungwa.

Ndugu zetu wapendwa, tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Mwezi Mei mzazi anaambiwa kwamba hakuna fedha za kuiacha wazi shule ya mtoto wake. Mwezi Juni mamilioni yanatoka kwa kuinua mikono tu. Kifungo kilimwadhibu mkosaji, lakini mtoto aliyefungiwa shule yake hakurudishiwa. Hasara ya amana humwangukia asiyekuwapo mkutanoni.

Yupo atakayesema kwamba kosa lilikuwa ni kuteuliwa kwa wajumbe, na kwamba wangechaguliwa na wananchi yasingetokea. Hoja hiyo ina uzito, na watu wa Chicago wenyewe waliishika. Sheria ilipitishwa mwaka 2021, na Novemba 2024 walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe 10 katika bodi ya watu 21. Lakini tusidhani kwamba kura peke yake ni dawa. Bodi ya Los Angeles ilikuwa ya kuchaguliwa tangu zamani. Nayo, mwezi huohuo wa Juni 2013, iliidhinisha mkataba wa kwanza, wa dola milioni 30, wa kununua vishikwambi vya iPad, katika mpango ambao gharama yake kamili ilikadiriwa kuzidi dola bilioni moja. Fedha zilitoka katika hati fungani za ujenzi, yaani deni la kulipwa kwa miaka mingi, ilhali kifaa chenyewe huchakaa katika miaka michache. Masomo yaliyotakiwa kuwamo ndani ya vifaa yalikuwa hayajakamilika, na baada ya wiki chache wanafunzi walikuwa wamekwishajua kuvivunja vizuizi vya intaneti. Mwaka 2014 mpango huo ulisitishwa. Wachunguzi wa serikali kuu walichukua nyaraka, na mwaka 2017 wakafunga shauri bila kumshtaki mtu. Hivyo tunajifunza kwamba si kila hasara ni wizi. Nyingine huzaliwa na haraka, na wajumbe wema kabisa wanaweza kuipigia kura.

Basi sisi tufanye nini? Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni mwanzo, lakini daftari halisemi lisipoulizwa. Karatasi inapoletwa mbele yetu katika kamati ya shule au ya msikiti, hata kama ni ya kununua madawati 20 au mabati ya paa, tuulize mambo manne kabla ya kuinua mkono. Nani aliyeiona haja hii, na wanaotumia kitu hicho wanasemaje? Nani wengine walioulizwa bei? Je, yupo kati yetu mwenye undugu, deni au biashara na muuzaji? Na kitu hiki kitadumu muda gani, ukilinganisha na muda wa kukilipia? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Tunajua kwamba kuuliza ni kuzito. Mwenyekiti ni mzee wetu, mweka hazina ni mtu wa swala, na anayeuliza huonekana kana kwamba anamtuhumu. Tuiondoe dhana hiyo. Mtu mwaminifu hanung'uniki anapoulizwa, kwa kuwa jibu lake ndilo ngao yake siku uvumi utakapokuja. Bora kikao kichelewe kwa nusu saa kuliko mtoto kukaa chini kwa mwaka mzima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana za watoto wetu, na atupe ujasiri wa kuuliza kwa adabu na unyenyekevu wa kujibu tunapoulizwa. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.