Uzito wa Lori na Uhai wa Barabara
Hotuba kwa wakazi na wasafirishaji wa Kipini

Msimu wa maembe, lori likijazwa kupita kiasi huonekana limeokoa safari moja. Hasara yake hubaki barabarani.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika pia Kenya, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Hivyo lori la ekseli mbili halipaswi kuzidi tani 18, uzito wa gari lenyewe ukiwemo. Wengi hukosea hapo: huhesabu mzigo, husahau lori.

Wahandisi hukadiria kwamba ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uharibifu wa barabara huongezeka takriban maradufu. Katika udongo wa Delta ya Tana, unaolainika mto unapofurika, ufa mdogo huwa shimo upesi. Njia ikikatika, maembe na samaki huozea Kipini, na mgonjwa hafiki hospitalini kwa wakati.

Mwenye mzigo na dereva wakubaliane uzito kabla ya kupakia.