Mtoto aliyefinyanga bundi

Masomo ya Biblia: Kutoka 31:1-5, 1 Wafalme 4:33, Mathayo 6:28-30

Nawasalimu ninyi mnaotusikiliza hapa Kasongo mjini, ninyi wa Kipaka na Samba, na ninyi wa upande wa Kabambare na Salamabila, ambao sauti yetu inawafikia siku nyingine vizuri na siku nyingine kwa kukwaruza tu. Na wewe utakayesoma maneno haya kwenye karatasi, Bwana akubariki. Msomee na jirani asiyejua kusoma.

Leo sitahubiri juu ya dhambi ya mtu mwingine. Naanza na yangu.

Ni miaka 16 sasa. Mwana wangu wa tatu alikuwa na miaka 9. Jioni, wenzake wakicheza mpira wa majani ya migomba, yeye haonekani. Mama yake anaita, anatafuta, na mara nyingi anamkuta nyuma ya nyumba, ameketi karibu na mchikichi, anatazama juu, kimya. Giza likiingia, hataki kutoka. Mara mbili tuliamka usiku tukakuta mkeka wake mtupu, naye yuko nje, palepale. Kisha siku moja nikainua kapu la zamani la mpunga, na chini yake nikakuta bundi. Bundi wa udongo wa kichuguu, amepakwa makala, macho mawili makubwa ya duara, na kichwa kimegeukia mgongoni.

Wazazi wenzangu, mnajua bundi ni nini kwetu. Akilia juu ya nyumba, watu hawalali. Asubuhi wanaulizana ni nani atakayeugua. Na mimi, mzee wa kanisa, mwalimu niliyefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika, sikuuliza neno hata moja. Nilichukua mchi nikamponda yule bundi mpaka akawa vumbi. Nikamchapa mtoto. Jirani aliposikia kilio akaja, akasema, "Baba Mwalimu, mtoto anayetoka usiku na kutengeneza bundi, unangoja alama gani tena?" Na juma lile tulikuwa tumezika mtoto mchanga katika avenyu yetu. Maneno yakaanza kutembea. Siku mbili hazijapita, watu walikuwa wanapanga kumfungia mwanangu siku tatu, bila chakula wala maji, ili atapike kile alichokula. Nami, Mungu anisamehe, sikusema hapana.

Mke wangu ndiye aliyekataa. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge kama mtoto wa kunyonya, miguu mirefu inaning'inia, akampeleka kwa mchungaji, watu wote wakitazama. Mimi nikafuata nyuma.

Mchungaji wetu wa wakati ule hakuwa mtu wa haraka. Alimketisha mtoto, akampa karanga, akamwuliza: "Mwanangu, kwa nini kichwa cha bundi wako kilitazama nyuma?" Mtoto akajibu, "Baba Mchungaji, ndivyo anavyofanya. Mwili unabaki, shingo inazunguka. Nilitaka kuona kama udongo nao unaweza." Kisha akaeleza yote, kama maji yaliyofunguliwa. Kwamba bundi akiruka husikii mabawa. Kwamba anakuja wakati uleule kila jioni. Kwamba chini ya mchikichi anatema vidonge vya manyoya, na mtoto alivifungua kwa kijiti akakuta ndani mifupa midogo na meno ya panya. "Wale panya wanaokula mpunga wa Mama," akasema.

Mchungaji alicheka mpaka akapangusa macho. Halafu akaacha kucheka, akanitazama mimi.

Wandugu, sisi Wapentekoste tunapenda sana kusema juu ya kujazwa Roho. Ni vizuri. Lakini nani wa kwanza katika Biblia ambaye Mungu mwenyewe anasema amemjaza Roho wa Mungu? Siku ile mchungaji aliniuliza hivyo, nami nikaanza kutaja manabii. Hapana. Fungua Kutoka 31. Ni Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na Bezaleli hakuwa mhubiri. Alikuwa fundi. Roho alimjia ili ajue kubuni, kuchonga mbao, kukata mawe, kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani? Kinara cha taa kilitengenezwa chenye vikombe mfano wa maua ya mlozi. Kwenye upindo wa joho la kuhani yalishonwa makomamanga. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya mlozi unaochanua atautengenezaje kwa dhahabu? Kwa hiyo Bezaleli alikuwa mtoto zamani, mahali fulani huko Misri, akatazama vitu. Biblia haituelezi habari hiyo. Nasema mimi, kwa kuwa nimeona watoto wengi katika kalasi, na sijaona bado fundi mzuri ambaye hakuanza kwa kushangaa.

Najua kuna mtu anasema hapo nyumbani: Na amri ya pili je? Mungu amekataza sanamu. Ndiyo, amekataza katika Kutoka 20, na hatupunguzi hata kidogo. Lakini sura tano tu mbele, Mungu yuleyule anaagiza makerubi na maua. Hakujisahau. Alichokataza ni kujifanyia kitu na kukisujudia, kukipa heshima iliyo yake. Wazee wetu wengine walichonga vitu vya kuabudu, na sisi tuliookoka tuliviacha. Lakini mtoto anayefinyanga mbuzi, mtumbwi wa Lualaba na wavuvi wake, au bundi, hamsujudii. Kesho mvua itanyesha juu yake, naye atafinyanga mwingine. Tusimwekee mtoto dini ambayo hana.

Tena Bwana wetu mwenyewe alituagiza kutazama. Pale Mathayo 6, akituambia tusihangaike, anatutuma kwanza kwa ndege, kisha kwa maua ya shambani, tuyaangalie yanavyomea. Sulemani naye, pamoja na hekima yote ile, imeandikwa kwamba alinena habari za miti, tangu mwerezi mkubwa mpaka kale kamea kanakoota ukutani, na habari za wanyama, ndege, wadudu na samaki. Mfalme mzima, mwenye majeshi, akakaa na kutazama kijani cha ukutani! Sisi mtoto wetu akifanya hivyo dakika kumi tunamwita mvivu.

Kuna jambo wengi wetu hatulijui. Mwaka 1915 wamisionari wawili Waingereza, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, ile ya Katanga, si ile ya Tanzania. Makanisa mengi ya Kipentekoste ya kusini mwetu yalizaliwa na kazi ile. Burton alikuwa amesomea uhandisi. Alihubiri, alijenga, alitembea kwa miguu mpaka akachoka. Na alichora. Alipaka rangi picha za nchi ya Baluba aliyokuwa akiitembelea, akapiga picha nyingi, akakusanya hadithi za wanyama ambazo wazee walisimulia kando ya moto, akaziandika. Alikaa Kongo zaidi ya miaka 40. Sisemi kila alichoandika juu ya mababu zetu kilikuwa sawa. Nasema tu kwamba brashi haikumzuia kuomba.

Na huko Lubumbashi, wakati bado unaitwa Élisabethville, mwaka 1946, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji. Hakutaka vijana wale waige picha za Ulaya. Aliwaambia watazame nchi yao na kile walichonacho moyoni. Mmoja wao aliitwa Pilipili Mulongoy. Pilipili alichora samaki, ndege, nyoka, majani, kila unyoya na kila gamba, kwa uvumilivu wa ajabu, na picha zake zimefika mbali sana duniani. Vitu alivyochora, wewe unavipita kila siku ukienda kuteka maji Luama.

Sasa nirudi kwenye jambo zito, kwa sababu sikuja hapa kusifu picha.

Mtoto mwenye mawazo mengi ni mtoto aliye hatarini katika miji yetu. Anaongea peke yake akicheza. Anasimulia ndoto ndefu. Anasema wingu lile ni mbuzi na mbuzi anamfuata. Anapenda mdudu ambaye wengine wanamwua. Akiwa yatima, akiwa analelewa na mama wa kambo, na kukitokea kifo au hasara ya biashara, haya yote yanageuka kuwa ushahidi. Nimeona. Nami nilikuwa karibu kuwa shahidi wa kwanza juu ya damu yangu mwenyewe. Wengine watakuambia ni mambo ya kiroho, usiulize. Wewe uliza. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo kwa anayefanya hivyo. Mhubiri hayuko juu yake. Na kumnyima mtoto maji siku tatu si kufunga kwa Biblia, ni kuua.

Kuna watoto wengine pia ninaowafikiria. Upande wa Kabambare wameona vita miaka mingi. Mwalimu mwenzangu wa huko aliniambia kwamba ukimpa mtoto makala na ubao, anachora bunduki kwanza, na nyumba inayowaka. Akaniuliza amchape? Nikamwambia, keti naye, mwulize nani yumo ndani ya nyumba ile. Akifika mwisho wa habari yake, siku moja atachora mti. Usimharakishe. Na wale wa Salamabila wanaoinama majini tangu asubuhi kuchuja mchanga wa dhahabu: wana vidole vyepesi kuliko vyetu, wanatambua chembe inayong'aa katika tope. Vidole vile na macho yale vilifaa kalasi na vilifaa mchezo. Wazazi wa kule, najua njaa iko, siwahukumu. Lakini mwacheni hata nusu siku.

Hamhitaji franka nyingi. Makala yapo jikoni. Udongo wa kichuguu unashikana vizuri kuliko ule wa mtoni, mwanangu ndiye aliyenifundisha. Upondwe, utolewe mawe, ukandwe na maji kidogo, ukae usiku mmoja umefunikwa na jani la mgomba. Kopo la sardini na ndara iliyokatika vinatosha kuwa gari. Mama anayesuka mkeka, usimfukuze binti anayekaa karibu. Mwonyeshe namna ukili mweusi unavyopita chini ya mweupe, na umwache aharibu mmoja. Na usiku, mkiwa na moto, simulieni zile hadithi za sungura. Zimeanza kupotea, simu imechukua mahali pake.

Mtoto akikuletea kitu, usiseme haraka "ni kizuri" kisha urudi kwenye sombe yako. Uliza kama yule mchungaji: kwa nini kichwa kinatazama nyuma? Swali lile moja lilimwokoa mwanangu.

Wengine wataniuliza mtoto yule yuko wapi leo. Yuko Samba, ni fundi wa matofali, ana mke na binti mmoja. Mikono yake inajulikana. Tofali lake halipasuki. Lakini tangu siku ile ya mchi hakufinyanga tena mnyama wala ndege. Mchungaji alimtetea, mama yake alimtetea, wala hakuna aliyemgusa tena, ila kile kitu kilikuwa kimevunjika pamoja na bundi. Mwaka jana tu ndipo nilipomwomba msamaha, mimi baba mtu mzima. Alinyamaza. Kisha akaniuliza, "Papa, ule mchikichi bado upo?" Nikamwambia upo.

Siku ya Mungu ijayo, baada ya ibada ya asubuhi, tutapanga viti vya shule chini ya mwembe wa kanisa, na kila mtoto alete alichotengeneza: cha udongo, cha majani, cha waya, cha makala kwenye kaye ya zamani. Hakuna zawadi na hakuna wa kwanza. Wazee tutapita tukiuliza maswali. Mwanangu ametuma habari kwamba atavuka Lualaba na binti yake, na kwamba mtoto ana kitu ndani ya kapu, hataki mtu akione mpaka siku hiyo.