Nani Anaweza Kusubiri? Butura, Soko Huria na Fundisho la Kikristo Karagwe na Kyerwa

Mwezi wa Februari kahawa ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ingali mbichi mtini. Mavuno yataanza karibu na Mei na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Hata hivyo, sehemu ya kahawa hiyo imekwisha kuuzwa. Mgonjwa amelazwa, sare za shule zinadaiwa, au msiba umeingia nyumbani, na mkulima amemwendea mwenye fedha wa kijijini. Wamepatana: fedha leo, kahawa siku ya kuvuna. Bei imepangwa leo, na aliyeipanga ni mwenye fedha. Hiyo ndiyo butura.

Butura ina sura kadhaa. Wapo wanaouza kwa kilo, magunia kadhaa ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, yatakayotolewa Julai. Wapo wanaouza maua, yaani mazao yote ya kibanja kwa msimu mzima, yawe mengi au haba. Walioelemewa zaidi huuza misimu miwili au mitatu kwa mpigo, wakabaki kupalilia na kupogoa mibuni ambayo matunda yake si yao tena. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, viongozi wa dini wameikemea madhabahuni, na bado ipo. Jambo linalokatazwa na wote likaendelea kufanywa na wengi linastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko kulaaniwa.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Mkulima anapokea shilingi 1,000 kwa kila kilo ya maganda mwezi Februari. Julai kilo hiyo hiyo inauzwa shilingi 2,500. Mwenye fedha amepata shilingi 1,500 juu ya kila 1,000 aliyoitoa, faida ya asilimia 150 kwa miezi mitano. Mikopo ya benki za biashara nchini imekuwa na riba ya wastani wa karibu asilimia 15, tena kwa mwaka mzima. Butura, basi, ni mkopo uliovikwa vazi la mauzo. Ndiyo maana mijadala mingi kuihusu hupotea njia: watu hubishana juu ya bei, na tatizo limekaa kwenye muda.

Watetezi wa soko huria wana hoja inayostahili kusikilizwa kwa heshima. Hakuna aliyemshika mkulima mkono. Alihitaji fedha akazipata siku ile ile, bila fomu, bila mdhamini, bila nauli ya kwenda mjini Kayanga wala Rubwera. Mnunuzi naye amebeba hatari: mvua inaweza kukosa, bei ya dunia inaweza kuanguka, mkulima anaweza kuipeleka kahawa kwingine usiku. Na kwa kuwa mapatano yenyewe yamekatazwa, mnunuzi hawezi kwenda mahakamani kudai, kwa hiyo anajilipia hatari hiyo mapema kwa kushusha bei. Marufuku imeifanya fedha ya Februari iwe ghali zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli, na mhubiri anayeipita bila kuijibu hajamsaidia mkulima.

Lakini hoja hiyo haijafika mwisho, na aliyeliona hilo mapema ni Adam Smith mwenyewe. Huyu anayetajwa kama baba wa soko huria alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili Glasgow, na kabla ya kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa alikuwa ametoa kingine, mwaka 1759, kuhusu hisia za kimaadili. Katika kile cha 1776, anapofika kwenye suala la ujira, anauliza ni nani kati ya tajiri na kibarua anayeweza kustahimili zaidi wanapokosa kuelewana. Tajiri, anasema, aweza kula akiba yake mwaka mmoja au miwili. Vibarua wengi hawamalizi wiki. Wote wawili wako huru kukataa, ila kukataa kunamgharimu mmoja usumbufu na mwingine chakula.

Miaka 115 baadaye, Mei 1891, Papa Leo wa XIII alichapisha waraka wa Rerum Novarum, na humo akalisema jambo hilo kama suala la haki. Mfanyakazi na mwajiri wapatane kwa hiari yao, alifundisha, lakini ipo haki ya asili iliyotangulia mapatano yao. Mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, amelazimishwa, hata kama hakuna aliyemtisha. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Papa Paulo wa VI aliichukua kanuni hiyo kutoka kiwandani akaipeleka kwenye biashara baina ya mataifa: pale wanaopatana wanapotofautiana mno kwa nguvu, ridhaa yao peke yake haitoshi kuufanya mkataba uwe wa haki. Wakati huo alikuwa akizifikiria nchi zinazouza mazao ghafi. Kibanja cha Kyerwa kimo ndani ya maneno hayo mara mbili, kwanza mbele ya mnunuzi wa kijijini, kisha mbele ya soko la London.

Walutheri, ambao Dayosisi yao ya Karagwe ilianzishwa mwaka 1979, hawahitaji kuazima kwa Wakatoliki. Mwaka 1524 Martin Luther aliandika juu ya biashara na riba, akaishambulia kanuni iliyokuwa ikitajwa na wafanyabiashara wa siku zake, kwamba mtu ana haki ya kuuza kwa bei ya juu kadiri awezavyo. Kwa maoni yake kanuni hiyo humfanya muuzaji aigeuze shida ya jirani kuwa bidhaa. Bei halali, aliandika, ihesabiwe kwa gharama, kazi na hatari. Ukiigeuza kanuni ya wafanyabiashara hao upande wa mnunuzi, umeieleza butura.

Na kabla ya Luther na Leo kulikuwa na Walawi 25. Sura hiyo husomwa sana kwa ajili ya mwaka wa yubile, lakini katikati yake mna utaratibu wa bei unaoweza kutumika Kaisho au Nyaishozi bila kubadilishwa sana. Mtu akimuuzia mwenzake shamba, bei ihesabiwe kwa idadi ya mavuno yaliyobaki hadi yubile. Miaka ikiwa mingi bei ipande, ikiwa michache ishuke, kwa sababu kinachouzwa ni mavuno. Torati ilijua kwamba watu watauza mavuno ambayo hayajaota, na haikujifanya kwamba uhitaji haupo. Ilichokataa ni bei inayopuuza hesabu ya mavuno hayo, na ilikataa pia uuzaji usio na mwisho.

Historia ya Karagwe yenyewe inakataa hadithi kwamba biashara ni kitu kigeni huku. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta ufalme uliozoea wafanyabiashara, na Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Kahawa ilitafunwa na kutumiwa kumkirimu mgeni muda mrefu kabla haijawa zao la kuuzwa nje. Soko lenyewe si geni. Ila kanuni zake zilibadilishwa mara nyingi mno ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 alizaliwa pamoja na chama kikuu cha ushirika cha Bukoba. Alipotimiza miaka 26 vyama vikuu vilifutwa na mamlaka ya serikali ikachukua ununuzi wa kahawa. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka. Mwaka 1990 Karagwe ikapata chama kikuu chake, KDCU. Katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ikashuka tena vibaya. Mwaka 2018 wanunuzi binafsi wakafungiwa mlango wa kijijini, na kahawa yote ikatakiwa kupita kwenye vyama vya msingi. Katika mabadiliko yote hayo, mtu huyu aliingia Februari bila fedha mkononi. Chini ya mamlaka ya serikali alisubiri malipo. Chini ya soko huria alikuta wakala anayenunua Julai ndiye yule yule anayekopesha Februari.

Hapa inafaa kumkumbuka Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, miaka mingi kabla Jimbo la Kayanga halijaundwa mwaka 2008. Mwoleka hakutaka Utatu Mtakatifu ubaki kitendawili cha darasani. Kwake Utatu ulikuwa namna ya kuishi kwa kushirikiana, na aliona katika Ujamaa nafasi ya kuiishi imani hiyo. Akahamia kijiji cha ujamaa akafanya kazi kwa mikono yake. Ni wachache katika Afrika Mashariki walioichukulia imani yao kwa uzito huo katika mambo ya jembe na chakula. Lakini kati ya 1974 na 1976 watu walihamishiwa vijijini kwa amri, na mwaka 1976 ushirika walioujenga wakulima wenyewe ukavunjwa bila wao kuulizwa. Mwalimu Nyerere alikuja kukiri kwamba kuvivunja vyama hivyo lilikuwa kosa. Serikali ilidhani imepata ridhaa ya mkulima, kama mnunuzi wa butura anavyodhani ameipata. Mwoleka alihubiri kushirikiana kunakotoka moyoni. Amri ilileta kushirikiana kwa sura tu.

Agizo la 2018 lilikuwa na nia njema. Benki ya Maendeleo ya Kilimo iliingia kuvikopesha vyama fedha za kununulia kahawa, na lengo lilikuwa kumng'oa mlanguzi. Hata hivyo malipo yalipochelewa, mto Kagera ulikuwa pale pale. Ng'ambo ya Murongo iko Kikagati, nchini Uganda, ambako biashara ya kahawa ilifunguliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambako bei mara nyingi imekuwa bora. Magunia yalivuka usiku. Mapadri na wachungaji wa mpakani walikuwa na swali gumu mbele yao: je, mkulima huyu anatenda dhambi? Sheria ni sheria, na magendo hunyima halmashauri mapato yake. Lakini dola inayomfungia mtu bei bora ng'ambo ya mto inajitwika wajibu wa kumlipa kwa wakati, na isipoutimiza, uzito wa lawama haumwangukii mkulima peke yake.

Tangu wakati huo minada imeletwa mkoani, ambapo wanunuzi wengi hushindana kwa kahawa iliyokusanywa na vyama. Hilo ni soko huria kwa maana yake nzuri kabisa: bei inaonekana, mizani inaonekana, mshindani anaonekana. Mwaka 1991, katika waraka wa Centesimus Annus, Papa Yohane Paulo wa II alikubali kwamba soko ni chombo chenye ufanisi, mradi liwe ndani ya sheria na likubali kwamba yapo mahitaji ya binadamu ambayo halina macho ya kuyaona. Mnada umeitimiza nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Bei ya robusta London ilipopita dola 5,000 kwa tani mwaka 2024, neema ilifika hadi Kyerwa. Kwa aliyeuza maua Februari, neema hiyo ilimpita mlangoni ikaingia kwa jirani. Bei ya Julai ikipanda, pengo kati yake na bei ya Februari hupanuka, na butura huzidi kuwa na faida kwa mwenye nayo.

Kwa hiyo dawa ya butura lazima iwe fedha ya Februari yenye riba ya haki. Elimu bila ada hadi kidato cha nne, iliyoanza mwaka 2016, imepunguza sababu moja kubwa ya kuuza maua. Bima ya afya inayofanya kazi ingepunguza nyingine. Mnyauko wa migomba, ambao tangu katikati ya miaka ya 2000 umekausha vibanja vingi mkoani Kagera, umeongeza moja, kwa maana familia iliyokuwa ikila ndizi zake sasa hununua chakula. Kilichobaki ni mkopo, na hapo makanisa yana kitu ambacho benki haina. Jumuiya ndogo ndogo zinajua nani mwaminifu, nani mlevi, nani ana mgonjwa. Zina mikutano ya kila wiki na viongozi wanaoaminika. Maarifa hayo ndiyo dhamana ambayo afisa mikopo wa Kayanga hulipia gharama kubwa kuipata.

Ila kanisa haliwezi kuanza kazi hiyo kwa kumnyooshea kidole mtu wa nje. Mnunuzi wa butura na muuzaji wake aghalabu hukaa benchi moja Jumapili. Mmoja hutoa ahadi kubwa siku ya harambee ya ujenzi, mwingine hutoa kidogo na hutajwa kwa sauti ndogo. Parokia au usharika unaopokea mchango huo bila kuuliza unashiriki katika faida ile ya asilimia 150. Kumwambia mtoaji mkubwa alegeze madeni yake kabla ya kuleta sadaka kungegharimu paa au mnara, na hiyo ni gharama ambayo nabii Amosi angeidai.

Lipo pia jambo ambalo nyaraka za mapapa na hoja za wachumi hulipita haraka. Kahawa ya huku ni zao la mwanamume. Mume anaweza kuuza maua bila mke kujua, na Julai mke na watoto ndio watakaochuma, kuanika na kupepeta kahawa ya mtu mwingine. Mjadala wote kuhusu ridhaa huzungumzia watu wawili, na aliyefanya kazi kubwa ni wa tatu. Vyama vya msingi vinaweza kulishughulikia hilo bila kungoja Dodoma: uanachama uandikwe kwa majina ya mume na mke, na mkopo wa msimu usitolewe bila saini zote mbili. Katika vyama vingi mkutano mkuu ndio wenye uwezo wa kupitisha jambo hilo, na viti vingi katika mkutano huo vingali vinakaliwa na wanaume.